Dumu Kichwa Chini

Usiku wa kuamkia safari, kwenye baraza ya nyumba moja huko Nakwa, mjini Babati, madumu matatu ya lita 20 yamesimamishwa kichwa chini juu ya gazeti kuukuu. Yamejaa maji, vifuniko vimekazwa. Hakuna anayeyalinda, zamu hiyo limeachiwa gazeti. Dumu lenye ufa mwembamba kama unywele litaacha alama ya unyevu kabla ya alfajiri, na mwenye safari ataugundua ufa huo akiwa bado kwake, si juu ya genge la Bonde la Ufa na maji ya karibu yakiwa mwendo wa siku nzima.

Ukiwa Babati, mji wenye ziwa lililojaa viboko, ni rahisi kumwona mtu huyu kama mwoga. Lakini njia aliyoichagua ni ya siku nne kwa miguu: kutoka Nainokanoka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kupitia Bulati hadi ukingo wa kreta ya Empakaai, kisha Nayobi, halafu kuteremka genge mpaka Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Huko Empakaai, kwenye takribani meta 3,000, usiku unadai blanketi la pili. Natron, karibu meta 600 tu juu ya usawa wa bahari, joto hupita nyuzi 40. Mzigo ni uleule mmoja. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kimeshaombwa, askari wa hifadhi atafuatana na kundi lake, na Wamasai wa huko wataleta punda.

Hesabu huanzia kwenye maji, na njia huchorwa baadaye. Watu wanne, lita 5 za kunywa kwa kila mmoja kwa siku, na lita moja ya kupikia: lita 24. Sehemu kavu ikichukua siku mbili, ni lita 48, yaani madumu mawili yaliyojaa na la tatu karibu nusu. Kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni kilo 48 kabla hata unga haujapimwa. Hapo ndipo punda anapoacha kuwa pambo la picha.

Hesabu hii ilikuwa na msamiati wake wa Kiswahili zamani sana, kabla ya mabegi ya mgongoni. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilimpimia mpagazi posho yake kwa kibaba. Mzigo wa vitambaa uliofungwa kwa kamba uliitwa mtumba. Leo mtu wa Nakwa anakwenda mitumbani kutafuta viatu vya kupandia milima, na neno limebaki lilelile. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Na palipokuwa na nchi kavu ndefu mno, walifanya terekeza: wanapika na kunywa penye maji, wanaondoka alasiri, wanatembea mpaka giza, wanalala pakavu, kisha wanaamka alfajiri na kuyafikia maji mengine kabla jua halijawa kali. Nchi kavu ambayo ingekula mchana mzima inagawanywa na usiku mmoja. Oscar Baumann, Mwaustria aliyeingia Ngorongoro mwezi Machi 1892, alikuja na msafara ulioanzia Tanga. Majina ya vitabuni ni ya kina Baumann. Maneno ya kazi ni ya wapagazi.

Njia nyingine ya kupunguza mzigo ni kuweka akiba mbele: mtembeaji Colin Fletcher alitembea peke yake urefu wote wa hifadhi ya Grand Canyon, kama ilivyokuwa mwaka 1963, kwenye korongo la Marekani ambalo mahali pengine kina chake kinazidi meta 1,600. Alitumia kama miezi miwili. Kabla ya kuanza alificha akiba sehemu kadhaa njiani, na nyingine aliangushiwa kwa ndege. Kwa njia ya Natron mbinu ya kuficha chakula haifai sana, labda kama nia ni kuwalisha fisi.

Mpangaji mzuri husoma pia majina ya mahali. Kwa Kimaasai, engare ni maji. Ngare Nanyuki ni maji mekundu, Nairobi ni maji baridi, na Ngare Sero inajitangaza yenyewe: kijito cha maji matamu kinachoshuka kutoka kwenye genge, jirani na ziwa la magadi ambalo halinyweki. Jina moja kwenye ramani limeshamwambia dumu la mwisho litajazwa wapi.

Maji hayohayo yanaweza kuua. Anga juu ya korongo huwa jeupe huku mvua ikinyesha milimani, na mkondo ukafika bila wingu. Mkoani Manyara hilo halihitaji mahubiri: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Ndiyo maana safari imewekwa Julai, na ndiyo maana katika simu za jioni mwenye safari ameuliza hali ya hewa ya Empakaai kabla ya kuuliza ya Ngare Sero.

Kabla ya adhana ya alfajiri taa inawashwa barazani. Gazeti chini ya dumu la kwanza ni kavu. La pili, kavu. Chini ya la tatu pana alama ya unyevu, ndogo kama sahani ya kikombe cha chai. Maduka bado yamefungwa, na basi la kwenda Makuyuni halisubiri. Jirani analo dumu, ila lina harufu ya mafuta ya taa. Mwenye safari anachuchumaa, anachota majivu ya jikoni, anaanza kulisugua.