Karo kwa Jina la Marehemu

Kakamega tunajua kumuaga mtu. Ngoma ya isukuti hulia, na Waisukha na Waidakho wakimzika mzee mashuhuri, mafahali hupambanishwa uwanjani. Heko zangu leo, hata hivyo, ni za familia zinazomkumbuka marehemu wao kwa kumlipia karo mwanafunzi wa uuguzi.

Stashahada, iwe ya Mukumu kwenye Hospitali ya Mtakatifu Elizabeth au ya chuo cha utabibu cha KMTC pale mjini, ni miaka mitatu, kisha unakungoja mtihani wa Baraza la Wauguzi. Humo katikati mna gharama ambazo risiti ya chuo haizitaji: sare ya kubadilisha, viatu visivyopiga kelele wodini usiku, saa yenye mshale wa sekunde ya kuhesabia mapigo ya moyo, kodi ya chumba Kefinco au Lurambi. Mfadhili anayeikumbuka ile saa, huyo amewahi kulazwa!

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kinachofundisha uuguzi pia, kimebeba jina la mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992. Mama wa kijijini hapati lango la chuo. Jina lake hukaa kwenye barua ya ufadhili, ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro la mwanafunzi.