Hadhira Inayohesabiwa na Hadhira Inayoitikia: Umaarufu wa Mitandaoni na Ubora wa Sanaa, kwa Mtazamo wa Jorodom

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuufikia mji wa Katesh pamoja na vijiji vya jirani, Jorodom kikiwa miongoni mwavyo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Katika siku zilizofuata, picha za video zilizorekodiwa kwa simu zilisambaa nchini kote. Jina la Jorodom, ambalo awali lilijulikana zaidi kwa wakazi wa Hanang na Mbulu, likawa jina la kitaifa. Hata hivyo, kilichosambaa kilikuwa taswira ya maafa. Sauti za wenyeji, katika lugha zao na kwa tanzu zao za kuombolezea, hazikuenea kwa kiwango hicho.

Hali hiyo inazua swali ambalo uhakiki wa fasihi ya Kiswahili hauwezi kuendelea kulikwepa: idadi ya watazamaji inapima nini hasa? Kwa habari za maafa, jibu ni jepesi, kwamba idadi hupima ukubwa wa mshtuko na kasi ya kusambaa. Tatizo hujitokeza pale kipimo hichohicho kinapohamishiwa kwenye wimbo, shairi, kichekesho au filamu, kisha kikatajwa kuwa ushahidi wa ubora. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubora hauamuliwi na wingi wa hadhira, wala hauamuliwi na uchache wake. Kinachopaswa kuchunguzwa ni namna hadhira inavyoshiriki katika kazi, yaani kama inaitikia au inahesabiwa tu.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mjadala huu, lakini sharti lake halizingatiwi. Methali inachukulia kuwapo kwa soko ambamo mnunuzi huitazama bidhaa, huishika na kuilinganisha na nyingine. Mitandao ya kijamii imelivunja sharti hilo, kwa kuwa humo kila kitu hutembezwa, chema na kibaya, na anayeamua kipi kimfikie nani ni kanuni za kompyuta zinazofuata muda ambao mtazamaji hukaa mbele ya kioo. Msanii anayetafuta kiki kwa ugomvi wa kubuni na msanii aliyehangaikia mishororo yake kwa miezi kadhaa hupimwa kwa mizani moja. Chema kisichotembezwa kinaweza kukaa Jorodom bila mnunuzi, na kosa lisiwe lake.

Hata hivyo, kuudharau umaarufu si jibu, na historia ya fasihi ya Kiswahili inathibitisha hilo. Mwaka 1974 ulishuhudia kuchapishwa kwa vitabu viwili visivyofanana. Katika Kufa na Kupona, Elvis Musiba alimtambulisha mpelelezi Willy Gamba, na riwaya hiyo ikapata wasomaji wengi. Katika Kichomi, Euphrase Kezilahabi aliachana na vina na mizani, na diwani hiyo ikapingwa vikali na watetezi wa ushairi wa kimapokeo. Wahakiki wengi waliiweka riwaya ya Musiba katika kapu la fasihi pendwa na kuiona haistahili uchambuzi wa kina, huku wanamapokeo wakidai kwamba Kezilahabi hakuandika mashairi kabisa. Leo kazi zote mbili zinajadiliwa vyuoni. Mauzo hayakuwa hukumu ya mwisho, na dharau ya wataalamu haikuwa hukumu ya mwisho. Kilichoziweka hai ni wasomaji walioendelea kuzirudia, kuzijibu na kubishana nazo. Kipimo cha kurudiwa hakionekani katika tarakimu ya siku ya kwanza.

Sanaa za Mbulu na Hanang zinatoa mfano ulio wazi zaidi. Miongoni mwa Wairaqw upo utanzu wa slufay, sala ya kishairi inayoghaniwa na mzee mbele ya waliokusanyika, nao huitikia kadiri anavyoendelea. Hadhira hiyo ni sehemu ya utendaji, kwa sababu bila kiitikio utanzu haukamiliki. Mwitikio hafifu ni tathmini inayotolewa papo hapo, na fanani huipokea akiwa mbele ya watu wanaomjua na watakaokutana naye kesho. Tabia hiyo haiko mbali na Kiswahili chenyewe. Mtambaji anayesema "Paukwa!" husubiri "Pakawa!" Katika taarabu, mpenzi wa wimbo huinuka na kumtunza mwimbaji hadharani, na kila aliyepo humwona na kujiuliza ujumbe huo unamlenga nani. Katika mifano yote hii, kukubali kazi kuna gharama, iwe ya sauti, ya uso au ya fedha, na kunyamaza pia kuna maana.

Mitandao imeiondoa gharama hiyo. Facebook ilipoanzisha kitufe cha kupenda mwaka 2009, mwitikio ulifupishwa ukawa mguso mmoja wa kidole. Mwezi Novemba 2021 YouTube ikaficha idadi ya wasioipenda video, ikieleza kwamba inawalinda watengenezaji dhidi ya mashambulizi ya makusudi. Sababu hiyo ina uzito wake, lakini matokeo yake kwa uhakiki ni kwamba wanaokubali huonekana kwa idadi na wanaokataa hawaonekani. Zaidi ya hayo, wafuasi na watazamaji wa bandia hununuliwa. Hadhira ya namna hiyo haiwezi kumrekebisha fanani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zinazomfikia mgema wa leo huenda zisitoke kwa wanywaji.

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya hoja hii. Kabla ya mitandao, milango ya uchapishaji na utangazaji ilishikwa na wachache, na lugha kama Kiiraqw na Kidatooga hazikupata nafasi ya maana humo. Leo nyimbo za Kiiraqw zinapatikana YouTube bila kibali cha mhariri yeyote, na kijana wa Mbulu anaweza kumfikia jamaa yake aliyeko Arusha au ng'ambo. Faida hiyo haipaswi kubezwa. Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kuwapanga waliokwisha kuingia kwa wingi wa wafuasi wao ni jambo jingine.

Jambo hili linawahusu moja kwa moja wanazuoni wa Kiswahili, kwa kuwa nao wamezoea kuitetea lugha yao kwa idadi. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hoja ya wazungumzaji zaidi ya milioni 200 imerudiwa katika hotuba nyingi. Idadi hiyo ni sababu nzuri ya kudai nafasi ya lugha. Haiwezi kuwa kigezo cha sanaa yake. Anayekubali kwamba wingi ni ubora ameshahukumu kuwa slufay ni duni kuliko kichekesho chochote cha Kiswahili kilichovuma, na kwa mantiki hiyohiyo amehukumu kuwa utenzi wa Kiswahili ni duni kuliko wimbo wowote wa Kiingereza uliovuma zaidi.

Kazi ya mhakiki, basi, ni kurudi kwenye kazi yenyewe: lugha yake, taswira zake, mpangilio wa sauti zake, na ushahidi wa kurudiwa na kujibiwa kwake, akisaidiwa na wanaoijua lugha iliyotumika. Maoni ya watazamaji nayo yasomwe kama matini, yasijumlishwe tu. Mbolezi ya waliofariki Hanang, ikighaniwa kwa Kiiraqw au Kidatooga na kuitikiwa na wafiwa mia moja, inastahili kuhakikiwa kwa vigezo vilevile na kwa umakini uleule unaopewa wimbo wenye watazamaji milioni moja. Ikibainika kuwa dhaifu, na isemwe hivyo, baada ya kusikilizwa.