Hongera kwa Mzee Hockney

Machi 2020, Ufaransa ilipofungwa kwa sababu ya korona, David Hockney, mchoraji wa Kiingereza, alikuwa kwake Normandy, akiwa na umri wa miaka 82. Wengine walikaa wakihesabu siku. Yeye alitoka uani kuchora miti. Hakubeba turubai wala rangi za mafuta. Alichora kwa kalamu juu ya iPad, na faida yake ni hii: hakuna rangi ya kungoja ikauke, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unanaswa kabla haujabadilika. Mti uleule aliurudia tena na tena, ukiwa mkavu, ukichipua, ukichanua, hadi ukasheheni majani. Upweke ulimwondolea wageni, ukamwachia muda wa kutazama.

Wapo wanaobeza kwamba kuchora juu ya kioo si uchoraji. (Haohao, nadhani, waliibeza kamera.) Wakatazame kwanza. Picha 116 za majira yale zilichapwa kwenye karatasi na kuonyeshwa Royal Academy, London, mwaka 2021. Hongera zake mzee. Vijana wengi wa brashi hawamfikii kwa bidii.