Nani Anashika Mizani? Uamuzi wa Kuhamia Mjini katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Ni jambo la kawaida katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kukuta safari ya mhusika kutoka kijijini kwenda mjini ikifasiriwa kuwa safari ya kutoka kwenye wema kuelekea kwenye uovu. Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa aeleze jinsi mji ulivyosawiriwa, hujibu bila kusita kwamba mji huharibu: huleta ulevi, ukahaba, tamaa na kusahau mila. Aghalabu jibu hilo hupata alama zote. Makala hii inanuia kulitilia shaka. Hoja yetu ni kwamba riwaya zetu bora hazilinganishi faida na hasara za mji kana kwamba kila mhusika amepewa nafasi sawa ya kuzipima. Zinachunguza ni nani aliyeishika mizani, ni nani aliyepima kabla ya kuondoka, na ni nani aliyebebwa kama mzigo. Tutajadili Utubora Mkulima (1968) ya Shaaban Robert, Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi na Siku Njema (1996) ya Ken Walibora.

Suala hili halihusu darasa peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi, na wengi wa wale wanaosomeshwa riwaya hizi watahamia mji huo au mwingine. Mhakiki anayewafunza kwamba kuhama ni kuangamia anawaandalia hukumu hata kabla hawajafunga mizigo yao.

Nasaba mbili za mji

Lugha yenyewe inatuonya tusifanye haraka. Neno 'mji' katika Kiswahili halimaanishi tu mahali penye majumba na masoko. Humaanisha pia boma au makazi ya ukoo, na katika 'mji wa mimba' hutaja mahali ambapo kila binadamu ameanzia maisha. Kwa Mswahili wa Lamu, Pate, Mombasa au Unguja, mji haukuwa ugeni. Ulikuwa ndio kwao. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unaombolezea magofu ya Pate. Msiba unaosawiriwa humo ni wa mji kukimbiwa na watu, majumba ya fahari yakabaki matupu. Vivyo hivyo, Muyaka bin Haji aliitungia Mombasa kama mwenyeji asiyehitaji kujieleza kwa nini yuko mjini. Katika nasaba hii ya kwanza, uungwana na mji havitengani, na anayedharauliwa ni mtu wa shamba.

Nasaba ya pili ni ya bara na ni ya juzi tu. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na mwaka 1905 ikachukua kutoka Mombasa nafasi ya makao makuu ya utawala. Mwafrika alikubaliwa humo kwa mikono yake tu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alilazimishwa kubeba kipande, naye akahesabiwa kuwa mpita njia ambaye mke, wazee na kaburi lake viko kwingine. Mji wa namna hii haungeweza kuwa kwao mtu, maana sheria yenyewe haikutaka uwe.

Mhakiki anayezipima nasaba hizi mbili kwa kipimo kimoja hana budi kupotoka. Raymond Williams, katika utafiti wake wa mwaka 1973 kuhusu mashamba na mji katika fasihi ya Kiingereza, alionyesha kwamba kila kizazi hudai kwamba maisha mema ya shamba yalikuwapo muda mfupi tu uliopita, na ukimfuata anayedai utakuta kizazi kilichotangulia kikidai hivyo hivyo. Onyo hilo linatufaa. Hata hivyo, halitoshi kwetu sisi ambao fasihi yetu ina kijiji kinacholiliwa na pia mji unaoliliwa.

Utubora: mpimaji aliyeshiba

Katika riwaya hizi nne, Utubora ndiye mhusika anayepima kwa utulivu zaidi. Ana kazi Unguja kwa mwajiri wake Ahmed, na anaamua kuiacha aende Busutamu akalime. Hakuna aliyemfukuza wala njaa haimsukumi. Anapima pato la mji dhidi ya uhuru wa jembe, naye anachagua jembe. Wahakiki wengi wameusifu uamuzi huu kwa maadili yake, na wengine wameulaumu kwa ndoto zake.

Sisi tunaona kwamba suala muhimu zaidi limo katika majina. Utubora ni utu bora. Busutamu ni busu na utamu. Mwandishi ameweka mawe ya mizani katika ubatizo wa watu na mahali, hivi kwamba msomaji anajua upande utakaoshuka kabla hoja moja haijatolewa. Hili si kosa katika kazi ya kiistiari, ambayo huruhusiwa kuonyesha dunia jinsi inavyopasa kuwa. Kosa huwa la mhakiki anapoichukua istiari hiyo na kuifanya ushahidi wa jinsi vijiji vilivyokuwa. Zaidi ya hayo, uhuru wa Utubora wa kuuacha mji umewezeshwa na mji wenyewe, kwa kuwa anayekwenda Busutamu ni mtu mzima aliyekwisha kuuona ulimwengu na kufanya kazi ya mshahara. Kijana asiye na ardhi wala akiba hawezi kuirudia safari hiyo kwa kumwiga tu.

Rosa: mzigo uliofungwa nyumbani

Rosa Mistika ndiyo riwaya inayotajwa mara nyingi kuthibitisha kwamba mji huharibu, na ndiyo, kwa maoni yetu, inayopinga fikra hiyo kwa nguvu zaidi. Rosa anatoka Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, anasoma Mwanza, kisha anakwenda chuo cha ualimu Morogoro. Huko anaporomoka, na mwisho wake ni kujiua. Ukitazama ramani peke yake, utasema: kadiri alivyokwenda mbali na kijiji, ndivyo alivyopotea.

Lakini Kezilahabi hakuanzia Mwanza. Alianzia nyumbani, kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa analelewa akiwa haruhusiwi kusema na mvulana, kuuliza swali wala kukosea kidogo akarekebishwa. Anapoondoka, anachokosa ni mazoezi ya kuamua. Maadili aliyopewa yamejengwa juu ya hofu ya mkono wa baba, na mkono huo haufiki Morogoro. Mji haukumfunza udhaifu. Ulifunua tu kwamba nguvu aliyodhaniwa kuwa nayo ilikuwa ya mtu mwingine. Hata pigo la mwisho linatokana na Charles, mwanamume anayemkataa kwa kigezo kile kile cha ubikira ambacho kijiji na mji vinakubaliana kumpimia mwanamke.

Inafaa pia kuuliza ni lini Rosa alipima faida na hasara za kuondoka. Hakupima. Alifaulu masomo akapelekwa. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Kezilahabi huyo huyo anampa Tumaini, mhusika wa kiume kutoka Ukerewe, safari ya Mwanza na Shinyanga iliyojaa starehe, mali na hatimaye maafa. Lakini maafa ya Tumaini yanatokana na mgongano wake na siasa ya ujamaa, na hakuna anayesema kwamba ameuaibisha ukoo kwa mwili wake. Hesabu ya kuhama kwa mwanamume huandikwa kwa fedha, na ya mwanamke huandikwa kwa mwili. F.E.M.K. Senkoro, katika utafiti wake wa mwaka 1982 kuhusu usawiri wa kahaba katika fasihi ya Kiafrika, alikwisha kutuelekeza tuutazame mfumo wa jamii na uchumi badala ya kumlaani mwanamke mmoja mmoja. Inasikitisha kwamba madarasani bado tunamlaani Rosa.

Yasmin: kutoka mji hadi mji

Vuta N'kuvute inatutoa kwenye jozi ya kijiji na mji kwa kuwa uhamiaji wake ni wa kutoka mji hadi mji. Raza, mwenye duka Unguja, anaona biashara yake ikididimia na anaamua kuhamia Mombasa. Yeye anapima kwa daftari la duka: huku wateja wamepungua, kule pengine watapatikana. Yasmin, mkewe aliyeozwa angali kijana mno kwa mtu aliyemzidi umri kwa mbali, hakuulizwa. Katika daftari la Raza, Yasmin yuko pamoja na masanduku.

Yasmin anapomwacha mumewe na kurejea Unguja, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo. Hapa ndipo tunapoona umahiri wa Shafi. Kuvuka bahari kutoka Unguja hadi Mombasa hakukumbadilisha Yasmin, kwa sababu alisafiri ndani ya ndoa ile ile. Kinachombadilisha ni umbali mfupi tu kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, sehemu mbili za mji mmoja zilizogawanywa zamani na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Katika Zanzibar ya wakati wa ukoloni, mgawanyiko wa rangi na tabaka ulikuwa mpana kuliko bahari hiyo. Yasmin anapoteza ukoo, heshima ya jamii yake na usalama. Anapata rafiki, mapenzi na mwamko wa kisiasa. Mwandishi hafichi upande wowote wa hesabu hiyo. Tofauti yake na ile ya kwanza ni kwamba safari hii mwenye kulipa ndiye aliyeamua.

Kongowea: jina lenye mji ndani yake

Siku Njema nayo inazikutanisha nasaba mbili tulizozitaja. Msimulizi anaitwa Kongowea Mswahili. Kongowea leo ni jina la mtaa na soko kubwa upande wa bara wa Mombasa; kwa hiyo mhusika anaubeba mji katika jina lake hata kabla hajaufikia. Mamaye, mwimbaji wa taarab huko Tanga, anafariki, na maisha ya kijana yanakuwa ya mateso mikononi mwa Mzee Kazikwisha. Anaondoka kumtafuta baba asiyemjua, na safari inamfikisha Kitale.

Mtoto wa pwani anakwenda bara, kinyume cha riwaya nyingi ambamo mtu wa bara ndiye huteremka. Hakuna tena mji mmoja wa dhambi wala kijiji kimoja cha wema: wakatili wako Tanga na wakarimu wako njiani. Kinachomvusha ni Kiswahili chake. Udhaifu wa riwaya, kwa maoni yetu, ni kwamba bahati humsaidia mhusika mno, na yapo makutano yanayotokea kwa kuwa msimulizi anayahitaji. Lakini hata bahati hiyo ina maana: inakiri kwamba anayehama bila jamaa huhitaji mtu wa kumfungulia mlango, na kwamba ujasiri peke yake haulipi kodi.

Pingamizi

Huenda msomaji akatushutumu kwamba tunautakasa mji. La hasha. Hasara zake ni za kweli, na mojawapo haitajwi vya kutosha: mji wetu bado unasita kumpokea mtu aliyekufa. Wakili S.M. Otieno, aliyeishi na kufanya kazi Nairobi, alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager walishindania mahali pa kumzika. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki hiyo mwaka 1987, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya. Katika kesi hiyo ilibishaniwa ikiwa makazi ya mjini ni nyumba tu, au yanaweza kuwa nyumbani. Kiswahili kina maneno haya mawili yaliyokaribiana mno, lakini kati yake mtu anaweza kuishi miaka mingi asifike.

Methali nazo zimegawanyika. Mkataa kwao ni mtumwa, inasema moja; mtembea bure si sawa na mkaa bure, inajibu nyingine. Wahenga hawakujipinga. Walijua kwamba ushauri hutegemea anayeshauriwa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la iwapo mji ni mwema au mbaya haliwezi kujibiwa na riwaya hizi, kwa kuwa si swali zinalouliza. Utubora anapima akiwa ameshiba. Rosa hapimi kabisa, kisha anahukumiwa kana kwamba alipima. Yasmin anapimiwa mara ya kwanza, na mara ya pili anapima mwenyewe. Kongowea anaondoka kwa sababu kukaa kumeshindikana.

Tunapendekeza basi kwamba mwalimu anapofundisha riwaya yenye safari ya mjini, aanze kwa kuwauliza wanafunzi nani aliamua, alikuwa na nini mkononi alipoamua, na ni nani aliyelipa uamuzi ulipokwenda mrama. Wanafunzi wenyewe wana majibu. Wengi wao wana dada aliyekwenda Nairobi kufanya kazi za nyumbani, au kaka aliyerudi kutoka Mombasa mikono mitupu, na wanajua kwamba hakuna kati yao aliyesafiri ili aharibike.