Bustani Isiyo na Tiketi

Ngome Kongwe ya Zanzibar ilijengwa na Waomani waliowafukuza Wareno. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu. Vuka barabara tu, uko Forodhani, ambako hakuna anayezuiwa. Tangu ukarabati wa 2009 bustani inapendeza, lakini kwangu mimi sifa yake kubwa ni moja: huingii kwa tiketi. Jioni vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani, bibi mmoja anawanunulia wajukuu juisi ya miwa, na mimi, Mkenya, natajiwa bei ya mgeni kwa mshikaki mmoja. Sawa tu, nikalipa. Ila siku bei hiyo itakapomfikia yule bibi, Forodhani itakuwa ngome ya pili, tena isiyohitaji kuta.