Kurejesha au Kurudia? Istilahi za Mikondo ya Data Migodini

Rasimu ya mwongozo wa programu kwa mafundi wa migodi ya Shinyanga na Geita imetufikia ili tuikague lugha. Mwongozo huo waeleza jinsi programu iliyoandikwa kwa Java inavyopokea data mfululizo, inavyoihifadhi diskini, na inavyoitoa tena baadaye. Mfasiri amefanya kazi ya kusifika. Sarufi yake ni safi. Lakini istilahi tatu zatutia mashaka, na moja kati ya hizo yaweza kuleta madhara.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Katika mgodi wa chini ya ardhi, kama ule wa Bulyanhulu, baruti ikilipuliwa huacha gesi zenye sumu, na watu hawana budi kungoja mpaka hewa ipimwe. Tuchukue mfano wa kipima gesi kinachotuma kipimo kila sekunde. Programu haikai ikiuliza. Hungoja, na kila kipimo kifikapo huitikia. Utaratibu wa namna hii ulipewa nafasi rasmi ndani ya Java katika toleo la 9, mwaka 2017. Rasimu yauita "mtiririko tendaji". Mtumishi wa serikali asomapo "tendaji" huwaza kamati na maofisa. Isitoshe, anayeitikia ni programu inayopokea, wala si mtiririko. Basi na tuseme "programu ya kuitikia", na kile inachokipokea tukiite "mkondo wa data", kwa kuwa mkondo tunao tayari katika maji, katika umeme, hata katika madarasa ya shule.

Istilahi ya pili ni "foleni", ambayo mfasiri ameitumia kwa faili la diskini. Kwenye foleni ya benki aliyekwisha kuhudumiwa huondoka. Katika hifadhi inayoelezwa hapa hakuna kinachoondoka: kila kipimo huongezwa mwishoni, hupewa namba ya mahali pake, na wasomaji kumi waweza kukisoma, kila mmoja akianzia apendapo. Hilo ni daftari la zamu. Fundi wa usiku huandika chini ya maandishi ya mchana. Hafuti, na ukurasa uliosomwa haung'olewi. Jina la Kiingereza ndilo lililompotosha mfasiri, nasi hatumlaumu sana.

Lakini "kurejesha" hatuwezi kulipitisha. Rasimu yalitumia kwa mambo mawili. Umeme ukikatika kisha ukarudi, programu husoma diski na kuendelea pale ilipoachia. Huko ni kurejesha kwa haki. Jambo la pili ni kuvipitisha tena mbele ya programu vipimo vya jana, kwa mpangilio uleule, ili kuchunguza ajali au kuijaribu programu mpya. Msimamizi akiandikiwa kwamba "data ya handaki imerejeshwa", ataelewa nini? Kwamba kipima gesi kimepona na hewa aionayo ni ya sasa? Vipimo vya jana vyaweza kuonyesha hewa safi, ilhali leo baruti imelipuliwa saa moja iliyopita.

Neno lifaalo limo redioni tangu zamani. Mtangazaji hutuambia kuwa kipindi hiki ni marudio, na hakuna msikilizaji anayedhani kuwa mpira unachezwa sasa hivi. Basi tendo ni "kurudia mkondo", zao lake ni "marudio", na kinyume chake ni "mubashara", neno ambalo halimpendezi kila mtu lakini limekwisha kuzoeleka. Aidha, mwongozo hauna budi kutenga marudio ya namna mbili: ya haraka, kwa kadiri diski iwezavyo, na ya mwendo wa awali, ambayo hulinda nafasi ya muda kati ya kipimo na kipimo. Gesi iliyopanda kwa dakika 20 huonekana katika marudio ya haraka kana kwamba ilipanda kufumba na kufumbua, na mchunguzi asiyeambiwa ataandika taarifa ya uongo bila kukusudia.

Wako watakaosema kwamba tunachambua nywele. Na wakumbuke Machi 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi kwenda nje. Wengi waliyaita "mchanga wa dhahabu", na msikilizaji akapata picha ya kitu kinachochotwa kwa koleo mtoni. Kumbe ni zao la mawe yaliyosagwa na kutengwa, lenye shaba na fedha pamoja na dhahabu. Neno "makinikia" lilikuja kuenea mabishano yakiwa yamekwisha kupamba moto.

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri. Pamoja na masahihisho hayo tumeomba kwamba kila picha ya kioo iliyomo mwongozoni inayoonyesha data ya zamani iandikwe MARUDIO juu yake, ikifuatiwa na tarehe na saa ya kipimo cha asili.