Mkono Chini ya Shingo

Nungwi, kaskazini ya Unguja, ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa majahazi. Hata hivyo, wasichana wengi wamekulia hapo, hatua chache kutoka majini, bila kufundishwa kuogelea. Mradi wa Panje uliwafundisha baadhi yao kuogelea, na mwaka 2018 picha za mpiga picha Anna Boyiazis zilizoonyesha wanafunzi hao zilipata tuzo ya World Press Photo. Lakini picha hunasa dakika moja tu, na ufundi wa mwalimu unaonekana kwa anayekaa pwani kumtazama tangu mwanzo wa somo.

Mwalimu hatii mguu majini kabla ya kuyasoma. Siku isiyo na upepo hutazama ngalawa zilizotia nanga: tezi inakolalia ndiko mkondo unakokwenda. Huchagua saa ya maji kujaa, ili anayechoka asivutwe kuelekea kina kirefu. Kisha hutembea mwenyewe kwenye mchanga, akipapasa kwa nyayo, akitafuta mashimo na viumbe vyenye miiba.

Halafu hukagua madumu ya kuwasaidia wanafunzi kuelea. Dumu tupu la lita 5, likifungwa barabara, hubeba karibu kilo 5 majini, takriban uzito wa kichwa cha mtu. Kila kifuniko hukikaza na kukijaribu kwa kulizamisha dumu na kulikamua. Povu moja likitoka, dumu hilo huwekwa kando.

Wanafunzi huingia wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote, wakasimama maji yakiwafika kiunoni. Somo la kwanza ni pumzi. Wanavuta hewa kwa kinywa, wanatia uso majini, wanapuliza mapovu polepole, wanainuka. Anayekurupuka hakemewi. Mwalimu hushuka naye, wakapuliza pamoja, mpaka mabega yake yalegee.

Sasa ndiyo kuelea. Mwanafunzi hukumbatia dumu kifuani na kulala chali. Mwalimu huweka kiganja kimoja chini ya shingo na kingine chini ya mgongo. "Lala, mwanangu. Masikio ndani, macho juu." Akiinua kichwa kutazama vidole vyake, kiuno huzama na miguu hufuata; akikilaza, kifua kilichojaa hewa humrudisha juu. Mwalimu hamwelezi mengi. Husubiri mwili ujifunze.

Kiganja cha mgongoni ndicho kinachotoka kwanza. Baadaye dumu hupelekwa pembeni, likashikwa kwa mkono mmoja. Shingoni vinabaki vidole vinne, kisha viwili, kisha kimoja. Shingo ikikaza, vidole vyote hurudi bila neno, na kazi huanza tena pale ilipokatikia. Mwalimu hana haraka ya kumwachia, wala hamshiki kupita haja. Mara nyingi mwanafunzi huwa ameshaelea peke yake kabla hajajua.

Kutoka hapo hufundishwa kuchapa miguu kuanzia nyongani, kugeuka kutoka kifudifudi hadi chali, na kurejea nchi kavu. Mwisho ni kuokoa: kuita msaada, kunyoosha ufito au kurusha dumu lenye kamba, bila kumrukia anayezama, kwani mwenye hofu humkumbatia mwokozi wakazama wote. Aliyetolewa majini akiwa hapumui hupewa pumzi kwanza, ndipo kifua kikabonyezwa.

Ujuzi huu si wa anasa. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama usiku katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na linahimiza watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Kuogelea hakuzuii meli kuzama, lakini humpa mtu nafasi ya kuelea hadi msaada ufike.

Mwalimu hawezi peke yake. Anahitaji mzazi anayetoa ruhusa, sheikh anayelisemea somo msikitini, mvuvi anayekaa na mashua karibu, na nyumba zinazotoa madumu yasiyovuja. Kijiji cha pwani chenye fundi wa vyombo humtunza. Kimtunze vivyo hivyo mwalimu wa kuogelea.